Kuvu Iliyokaa Katika Migomba ya Nafula

Mmeniuliza kanisani, mkaniuliza mtoni, na jirani yangu Mama Simiyu akanifuata mpaka chooni kwangu akiniuliza kupitia ukuta wa mabati. Nimekuwa nikijifanya sisikii. Masikio yangu ni mazima, mnajua. Sasa nimeamua kuandika, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza, na mkinikatiza nitapata nafasi ya kuruka mahali pabaya. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo msicheke mwandiko.

Mwanzo mnaujua. Migomba ya Nafula, mke wa mwanangu Wekesa, ilianza kugeuka manjano na kuanguka ikiwa bado na mikungu michanga. Tukaogopa kwamba ugonjwa utavuka ua uingie kwetu sote. Afisa wa kilimo akasema kipande kipelekwe Nairobi, kuna mahali upande wa Loresho wanapopima magonjwa ya mimea. Mkanichagua mimi kwa kuwa Wekesa anakaa Kangemi, huko huko Nairobi, na kwa kuwa, mlisema wenyewe, mimi siogopi watu.

Nafula alinipa kile kipande kwa mikono miwili. "Mayi," akaniambia, yaani mama kwa lugha yetu, "wasikatae kukiangalia. Hii migomba ndiyo shamba langu." Na ni kweli. Wekesa akikosa kibarua, ndizi hizo ndizo zinazolisha wajukuu wangu. Hilo nililijua nilipoondoka. Naliandika hapa juu msije mkasema nilisahau.

Nyumbani mpaka mjini

Kipande chenyewe kilikuwa kichwa cha mgomba, kile kinachokaa chini ya udongo na kushika mizizi. Nusu yake ilikuwa nzuri, nyeupe. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi na imejaa mashimo. Usiku wa kuamkia safari nilikaa nacho jikoni nikakiona kinatia aibu. Mtu haendi ugenini na kitu kibovu. Hata viazi vitamu, ukimpelekea mtu, unakata kwanza pale palipoliwa na wadudu. Basi nikachukua kisu nikakata sehemu yote ya mashimo, nikawatupia kuku. Kilichobaki nikakiosha kwa sabuni, nikakifunga kwa kile kitambaa cheupe cha Pasaka. Kikapendeza kama mkate.

Kuku waligombania yale mabaki kuliko wanavyogombania mahindi. Ningekuwa na akili ningejiuliza wanadonoa nini.

Basi lilitufia Timboroa kwenye baridi. Dereva akaingia chini ya gari, tukabaki tunaona miguu yake tu. Akina mama wa pale walitoka na viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, na nitasema ukweli, sijawahi kula viazi vitamu kuliko vile, na si vitamu, ni viazi vya kawaida. Mwanamume aliyekaa karibu nami alitazama kitambaa changu akauliza nimebeba nini.

"Mgonjwa," nikamwambia.

Akahama kiti. Nikapata nafasi ya kunyoosha miguu mpaka Nairobi.

Mjini mpaka Upper Hill, ambako sikutakiwa

Wekesa alikuwa amenipigia: amepata kibarua cha mjengo siku hiyo, na kibarua hakikataliwi, kwa hivyo nikae pale ofisi ya mabasi mpaka jioni aje kunichukua. Nilikaa kidogo. Mimi kukaa bila kazi kunaniwasha mwili. Nikatoka nje nikamkuta kijana anavuta mkokoteni wa maji.

"Sasa, shosho," akanisalimia, wanavyomwita bibi huko mjini.

"Sasa nini? Kwetu watu hupeana mkono."

Akacheka, akapangusa mkono kwenye suruali, akanipa. Nikamwambia natafuta maabara, mahali wanapima ugonjwa.

"Ugonjwa gani?"

"Afisa alisema huenda ni kuvu."

"Hiyo ni maneno ya hosi, shosh. Shika hii barabara, ukivuka pale juu panda kilima. Uliza hospitali kubwa. Hakuna mtu haijui."

Kwa kweli hakukuwa na mtu asiyeijua. Nilipanda kile kilima cha maghorofa ya vioo, nikitokwa jasho na gauni la safari, nikafika, nikaulizia maabara, nikaonyeshwa foleni. Benchi lilikuwa limejaa. Mwanamume mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji alinitazama, akasimama kwa shida na magongo yake, akanipa kiti. Nilikaa. Nilikaa muda mrefu, nikaona foleni inavyosonga, nikajiona mjanja kuliko Wekesa.

Ikafika zamu yangu. Muuguzi akainama.

"Shosho, mgonjwa ni wewe?"

"Mimi ni mzima."

"Sasa mgonjwa ako wapi?"

Nikafungua kitambaa.

Alitazama, akanitazama, akatazama tena. "Hii ni nini?"

"Ni mgomba."

Benchi zima likasikia. Kicheko kilianza pale mwisho kikaja mpaka kwangu. Yule mwanamume wa magongo akasema, "Kwani mimi nimepea ndizi kiti yangu?" Watu wakacheka zaidi, na yeye hakucheka, kwa sababu mguu ulikuwa unamuuma kweli.

Nyuma yangu kulikuwa na mwanamke amebeba mtoto anayepumua kwa shida. Nilikuwa nimekaa mbele yake muda huo wote na mgomba mapajani. Yule muuguzi hakunitukana. Alinishika mkono akanipeleka pembeni, akaniambia polepole kwamba mahali ninapotafuta si hapo, akaniuliza kama nimekula. Afadhali angenitukana.

Upper Hill mpaka Kangemi

Wekesa alinikuta jioni pale ofisi ya mabasi, nimekaa kama mtu ambaye hajawahi kutoka. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa simiti.

"Mayi, nimesikia kwa watu wa basi ulitoka."

"Nilinyoosha miguu."

"Nilisema ungoje."

Nikamtwika begi langu.

Chumba chake Kangemi ni kimoja: kitanda, jiko, ndoo, nguo kwenye misumari. Na nyinyi mnajua mila yetu, mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, mahali kitanda chake kilipo. Nairobi ni Nairobi lakini mwiko haukubaki Timboroa. Wekesa alikuwa ameshapanga. Mwenye nyumba wake, mama mmoja Mkikuyu anayeitwa Mama Shiru, mzaliwa wa hapo hapo Kangemi, alikubali nilale kwake.

Mama Shiru ni wa rika langu na mdomo wake ni kama wangu. Alinikaribisha na mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi.

"Kula. Najua nyinyi mnaona chakula ni ugali pekee."

"Hiki ni chakula cha mtu asiye na meno," nikamwambia.

"Basi kimekufaa."

Tukapatana kuanzia hapo. Nilikula nikaongeza.

Kangemi mpaka Loresho kwa miguu

Asubuhi Wekesa alinivusha barabara kubwa akanionyesha njia, akaenda kutafuta kazi. Ajabu ya mahali pale ni hii: upande mmoja wa barabara watu wanasukumana sokoni, na ukivuka tu, kimya. Ua refu, miti, malango ya chuma, mbwa usiowaona wakibweka. Waliokuwa wanatembea ni sisi tu, mimi na wasichana wanaokwenda kufulia watu nguo.

Kule maabara nilipokelewa na mwanamke mdogo, umri wa kitinda mimba wangu, koti jeupe. Daktari Wanjiru. Niliweka kitambaa mezani, nikakifungua kwa madaha.

"Mmh," akasema. "Kisafi sana."

Nilifurahi. Nilidhani ni sifa.

"Mama, hiki ndicho chote? Kilitoka ardhini hivi hivi?"

Hapa ndipo pale mahali pabaya ambapo ningeparuka. Ningemwambia, hapana, kulikuwa na upande mbovu nikaukata. Lakini kumwambia msichana wa watu kwamba nimebeba kitu kibovu kutoka kwangu hadi kwake, mdomo ulikataa. Na yale ya hospitali yalikuwa bado yananichoma.

"Hivi hivi," nikasema.

Akakata vipande vidogo kama punje, akaviosha tena kwa dawa. Niliona ajabu, maana mimi nilikuwa nimeosha. Akasema anataka kilicho ndani, si kilichoshikwa na mikono ya njiani. Akavilaza kwenye visahani vyenye kitu kama uji ulioganda.

"Hicho ni chakula chake," akaniambia. "Kuvu ni ndogo, macho hayaioni. Tunailisha ikue, ndipo tuijue ni nani. Urudi baada ya siku kadhaa."

Siku hizo nilizimaliza kwa Mama Shiru nikimchambulia maharagwe na kumkosoa anavyopika sukuma wiki. Wekesa alikuja kila jioni kunisalimu akiwa amesimama mlangoni, amenyoosha mgongo, amechoka. Aliuliza kitu kimoja tu kila siku: "Wamesema migomba itapona?"

Loresho, mara ya pili

Visahani vilikuwa vimeota. Juu kuna kitu cheupe kama pamba, na chini yake rangi imeingia, zambarau nyepesi kama ya kunde mbichi. Daktari akachota kidogo kwa sindano, akaweka chini ya hadubini, akaniambia niangalie. Mara ya kwanza niliona kope zangu. Akanishika kichwa akanielekeza, ndipo nikaona: vitu vidogo vilivyopinda, vingi, vyembamba kwenye ncha.

"Umeona nini?"

"Ndizi," nikasema. "Vindizi."

Akacheka kwa furaha. "Kabisa. Hizo ndizo mbegu zake. Ndiyo kusema tumejua ukoo wake. Unaitwa Fusarium."

Hilo jina alilirudia mara mbili nikalishika. Nikamuuliza ukoo huo ni wa watu gani.

"Ni ukoo mkubwa," akasema. "Wako kila mahali, kwa mahindi, kwa nyanya, kwa udongo. Na wengine ndio wale wanaoua migomba, ukiwaona shambani ni kung'oa na kuchoma." Kisha akainua kidole. "Lakini bado sijui huyu ni nani ndani ya ukoo. Umbo pekee halitoshi, wanafanana. Nahitaji wiki moja zaidi nimpime kwa njia nyingine. Msifanye kitu mpaka nikuambie. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Nilielewa ukoo. Nyinyi mnajua sisi tunavyoishi. Msichana akiletwa, hata hajakaa, tunamuuliza ukoo. Ukishajua ukoo umeshamjua mtu: hawa ni wezi wa kuku, hawa wana hasira, hawa hawafiki uzeeni. Nafula alipoletwa nilimuuliza akiwa bado amesimama, na alipoutaja nilinyamaza, na kila mtu aliyekuwepo alisikia nilivyonyamaza. Kwa hivyo daktari alipotaja ukoo wenye wauaji ndani yake, maneno mengine yote niliyaona kuwa ni adabu tu ya wasomi.

Nilitembea kurudi Kangemi kwa haraka. Jioni hiyo hiyo nikampigia Mama Simiyu.

"Wamejua ukoo," nikamwambia. "Ni wauaji. Ng'oeni migomba ya Nafula yote, mchome, kabla haijavuka ua."

Mama Shiru alikuwa anaosha vyombo. Akaweka sufuria chini.

"Si ulisema daktari amekuambia ungoje?"

"Wewe una nyumba za kupangisha. Mimi nina migomba mpakani."

"Migomba si yako. Ni ya yule msichana."

"Msichana ni wa mwanangu."

Akachukua sufuria yake akaendelea kuosha, na usiku huo hakunichokoza hata kwa neno moja. Nilikosa usingizi kwa ule ukimya kuliko kwa kelele za Kangemi.

Nanyi mlitii upesi, sauti yangu mnaijua. Sisemi kosa ni lenu. Nimeshaambiwa jinsi ilivyokuwa: mlikwenda na mapanga asubuhi, Nafula akasimama mlangoni na mtoto mgongoni, akauliza kitu kimoja, "Ni Mayi mwenyewe amesema?" Mkasema ndiyo. Akaingia ndani akafunga mlango.

Kesho yake Wekesa hakwenda kazini. Alikuja kwa Mama Shiru akasimama nje, hakufika hata mlangoni.

"Mayi, umeng'oa nyumba yangu."

"Nimeokoa kijiji."

"Daktari alisema hivyo?"

Nikamuuliza kama amekula. Akasema hana njaa. Mtu anayebeba simiti tangu alfajiri mpaka jioni aseme hana njaa.

Loresho, mara ya tatu

Wiki ikaisha. Nilikwenda nikiomba Mungu, na aibu yenyewe ni hii: nilikuwa naomba kuvu iwe muuaji. Nilimwombea mke wa mwanangu ubaya ili mimi niwe na haki.

Daktari Wanjiru alinipokea akitabasamu.

"Mama, habari njema. Ukoo ni ule ule, lakini si yule muuaji. Huyu anaishi ndani ya mgomba bila kuudhuru. Hukaa hata kwenye migomba yenye afya. Wenzake wengine tumeona hata wanausaidia mgomba kupambana na wadudu wa mizizini. Sasa kinachonishangaza ni kitu kilichoangusha hiyo migomba, maana si huyu." Akachukua kipande kilichobaki, akakigeuza. "Hakukuwa na mashimo? Kama njia za mdudu?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya meza. Niliutazama mkono.

"Yalikuwepo," nikasema. "Niliyakata."

"Uliyakata?"

"Yalikuwa mabaya. Nilikuwa nakuja kwa watu."

Alikiweka kipande mezani. Kisha akasema kwa upole kwamba hao basi ni fukusi, wadudu weusi wa migomba. Mabuu yao hutoboa kichwa cha mgomba mpaka ukose nguvu ya kusimama. Si lazima kuchoma shamba. Unapasua shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, unalilaza chini karibu na mingine, fukusi wanakusanyika hapo, asubuhi unawaokota. Unafanya hivyo tena na tena. Migomba mingi hupona.

Kuku wangu walijua. Ndiyo maana walikuwa wanagombana.

"Muanze mitego mara moja," akasema. "Migomba bado iko?"

"Haiko."

Tabasamu likamtoka. "Nilikuambia ungoje."

"Uliniambia."

Alinieleza jinsi ya kuchagua machipukizi safi ya kupanda: uyatoe mahali palipo na afya, uambue ngozi ya kichwa uone kama kuna tundu, uyachovye kwenye maji ya moto kabla ya kupanda. Kisha akanirudishia kitambaa changu cha Pasaka. Alikuwa amekifua.

Kurudi

Mama Shiru alinifungia nduma za kuchemsha za njiani. "Ukifika," akaniambia, "usianze kwa kuongea."

"Mimi sijui kuanza kwa njia nyingine."

"Ndiyo nakuambia."

Wekesa alinibebea begi mpaka kwenye basi. Nilimwambia yale daktari aliyoniambia, yote, na mashimo. Alisikiliza akitazama magurudumu ya basi. "Mwambie mwenyewe," akasema. "Mimi sitamwambia kwa simu." Basi halikuharibika njiani, na safari hiyo ningependa liharibike.

Nilifika, sikuingia kwangu kula. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikachimba machipukizi katika migomba yangu, yale bora, yale ambayo Mama Simiyu mwenyewe aliniomba mwaka jana nikamnyima. Sikuyaosha. Sikukata chochote. Nikayabeba kichwani na udongo wake ukinimwagikia shingoni, nikapita njia ya katikati ambapo mliniona na mkadhani nimepata wazimu wa Nairobi.

Pale kwa Nafula palikuwa pamebaki majivu na mashimo. Alikuwa anafagia. Niliweka mzigo chini. Nilikumbuka neno la Mama Shiru nikajaribu kunyamaza, nikashindwa, lakini nilisema yaliyo ya kweli tu: nilikata mashimo, nilisema uongo kwa daktari, niliambiwa ningoje sikungoja, na kuvu yake haikuwa na hatia. Migomba yake ingepona. Nikamweleza pia jinsi ya kukagua machipukizi.

Hakulia. Alichuchumaa akachukua chipukizi moja, akaligeuza, akaliambua ngozi kwa kisu, akatafuta tundu, kama vile nilivyomweleza. Akachukua la pili. Alichukua muda wake. Mimi nimesimama.

"Mayi," akasema bila kuinua macho, "na hii ni ya ukoo gani?"

Nilistahili hilo.

"Sijui," nikasema. "Tuipande tuione."

Aliingia ndani, nikadhani amenifungia mlango kama alivyowafungia nyinyi. Akatoka na jembe, akanipa mimi. Akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akatembea mbele yangu kwenye yale majivu, akinionyesha kwa mguu mahali pa kuchimba. Hapa. Hapana, sogea. Hapa.

Kuchimba bado sijamaliza. Ardhi ni ngumu na mgongo ni wa zamani. Mkipita mkanikuta hapo nimeinama, msalimieni Nafula, mpite. Jembe msinipokonye.